Onyo la Alama Nyekundu

Kwa miaka tisa karani mmoja wa polisi alipokea maonyo kuhusu matapeli wa mtandaoni kutoka kwa polisi washirika wa nchi kumi na mbili. Onyo lenye alama nyekundu halikutakiwa kutoka nje ya ofisi, ili matapeli wasishtuke. Yeye hakuwahi kuteleza. Wenzake walimwita Kufuli, na mumewe alishaacha kumuuliza habari za kazi.

Jumatatu liliingia onyo jekundu: kuna ujumbe unaojifanya picha za harusi, na anayeufungua, matapeli wanaichukua simu yake na kuitumia kama yao. Kufuli alisoma, akanyamaza.

Alhamisi ujumbe ule ule uliingia kwenye simu yake mwenyewe, umetoka kwa dada yake. Hakuufungua. Aliunakili, akawatumia polisi washirika, nao wakamshukuru sana kwa ushahidi.

Jioni alipita kwa dada. Alimkuta jikoni, ameazima simu ya jirani, akiwapigia waliopata ujumbe ule kutoka kwake na kuwaomba radhi, mtu mmoja baada ya mwingine.

"Mdogo wangu, kazini kwenu mlikuwa mnalijua hili?"

Kufuli alivua miwani, akaifuta.

"Siruhusiwi kukwambia, dada."

"Basi umeshaniambia."