Mama Aliyefichwa Katika Kwaya ya Wanaume

Kiema wa Kasikeu aliumbwa kwa kazi ya kuchimba visima. Mabega mapana, shingo haijulikani inaanzia wapi, na akikuamkia asubuhi, sauti yake ilinguruma mpaka kuku wakaacha kudonoa. Kwa hiyo alipojiunga na kwaya ya kanisa, Mzee Nthiwa, mwalimu wa kwaya, hakuuliza swali. Alimsukuma safu ya nyuma, kwa waimbaji wa besi, akashukuru Mungu kwa zawadi.

Zawadi ilikuwa balaa. Kiema akiongea alikuwa simba. Akiimba besi alikuwa trekta iliyokwama topeni. Jumapili moja, katikati ya wimbo wa sadaka, mchungaji alifumbua macho kuangalia ni nini kimeanguka. Baada ya ibada Mzee Nthiwa akamvuta kando.

"Kiema, kijana yangu, Mungu anakupenda. Lakini kutoka leo utakuwa unafungua mdomo tu. Usitoe kitu."

Kiema akatii. Kila Jumapili akawa anapanua mdomo kama samaki, na hamu yake yote ya kuimba akaipeleka kazini. Huko chini ya ardhi, mbali na masikio ya watu, aliimba alivyotaka, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya kuongea. Ilikuwa nyembamba, safi, ya juu kabisa, kama ya msichana. Mwenyewe aliionea haya, akaificha shimoni kama mtu anavyoficha chupa ya pombe.

Siri ilitoboka kiangazi kimoja, alipokuwa akichimba kisima nyuma ya soko. Mwenzake wa kuvuta ndoo alikuwa ameenda kunywa chai. Kaluki, muuza pojo, alipita karibu, akasikia sauti ya msichana ikitoka ardhini.

"Uuuwi! Msichana ameanguka kisimani!"

Soko lote likahama. Vijana walikuja na kamba, naibu wa chifu akaja na amri, mchungaji akaja na Biblia, maana huwezi jua. Kaluki akainama juu ya shimo. "Mama, usiogope! Shika kamba tukutoe!"

Kiema alisikia neno "kamba" tu, akadhani saa ya chakula imefika. Akashika. Vijana wakavuta, wakahema, wakaanza kulaumiana.

"Msichana gani mzito hivi?"

"Labda wako wawili."

Hatimaye kikatokea kichwa chenye ndevu na matope, kikanguruma, "Mmenibakishia chai?"

"Msichana umemwacha wapi?" akafoka naibu wa chifu.

Kijana mmoja aliteremshwa kuhakikisha. Alirudi na sururu. Watu walianza kumtazama Kiema vibaya, naye akaona heri aibu kuliko kulala selo. Akainamisha kichwa, akaimba ubeti mmoja.

Soko lote likachungulia tena shimoni. Kisha Kaluki akajishika kifua. "Asi! Amemmeza!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Nthiwa, aliyekuja na umati, peke yake hakucheka. Alisimama pale na kofia mkononi, akiwaza jinsi alivyomziba mdomo mtu wa namna ile.

Wanawake wa soprano walikataa kusimama na mtu mwenye ndevu, kwa hiyo Mzee Nthiwa alimwacha upande wa wanaume, akampa sauti ya juu aimbe peke yake. Mashindano ya kanisa ya kwaya za wanaume yakafika, pale mjini Wote. Wimbo haujafika katikati, mwamuzi mmoja akagonga meza.

"Simamisheni! Hii ni kwaya ya wanaume. Yule mama mliyemficha atoke!"

"Hakuna mama," alisema Mzee Nthiwa.

"Nimemsikia!"

Mwamuzi aliinuka, akazunguka nyuma ya safu, akachungulia chini ya benchi, akapapasa pazia. Wakati bado anapapasa, mwamuzi wa pili, mwanamke aitwaye Wavinya aliyefundisha muziki Nairobi, alikuwa amekwisha kumwona mwenye sauti, maana jitu lile lilikuwa linatetemeka. Alimwita mbele, akamwimbisha peke yake, kisha akavua miwani.

"Sauti yako ina jina. Inaitwa kauntatena. Kuna wanaume wanaoishi kwa hiyo kazi."

"Na hawachekwi?" aliuliza Kiema.

"Wanachekwa nyumbani kwao, kama wewe. Ukumbini wanapigiwa makofi."

Ndivyo Kiema alivyohamia Nairobi. Alifundishwa kupumua, kitu alichodhani anakijua tangu azaliwe. Alifundishwa Kiitaliano, akashangaa kukuta vokali zake zote zimo katika Kikamba cha mama yake. Wenzake walipokuwa wakipindapinda midomo mbele ya kioo, yeye alizitamka kama anayeita mbuzi. Katika maigizo ya kuimbwa, akaimba sehemu ya malaika, akaimba sehemu ya mfalme. Likizo alirudi Kasikeu kuchimba visima, na watu wakawa wanamwomba aimbe akiwa humo humo, eti shimo linaipendezesha sauti.

Kisha akampenda Muthoki, mwalimu wa shule ya msingi huko Kathonzweni. Siku ya kupeleka mbuzi wa posa, baba yake Muthoki, Mzee Kyule, mgane asiyejua utani, alimkazia macho.

"Unafanya kazi gani?"

"Ninaimba, baba."

"Hiyo ni Jumapili. Jumatatu unafanya nini?"

"Ninaimba pia."

Mashangazi wakatazamana. Mzee akasema, "Basi imba tuone kazi."

Kiema alisimama, akaimba wimbo wa mfalme wa kale. Sauti ilipopanda, shangazi mmoja aligeuka kuangalia jikoni ni nani, na mwingine akafunika kicheko kwa leso. Mzee Kyule hakugeuka.

"Huyo mfalme analia nini?" aliuliza wimbo ulipokwisha.

"Amefiwa na mkewe, baba. Anauliza jioni ataongea na nani."

Mzee aliikuna fimbo yake kwa kidole gumba.

"Imba tena," alisema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Wimbo ulipoisha, Mzee Kyule alijipangusa uso, akasema vumbi la mwaka huu limezidi. Kisha akamgeukia binti yake.

"Muthoki, ni huyu?"

"Ni huyu, baba."

"Haya. Mbuzi wafungwe. Lakini mimi nataka kujua, wajukuu wangu watalia kwa sauti gani?"

Mwaka uliofuata Kiema alipata sehemu kubwa katika onyesho la Nairobi, akamwalika mkwewe. Mzee Kyule alikuja na suti yake ya harusi, akaketi kando ya bwana mmoja wa mjini mwenye tai ndogo. Pazia lilifunguka, sauti ikapaa, na yule bwana akamwinamia na kumnong'oneza:

"Mzee, huyu mama anaimba vizuri sana. Lakini mbona wamembandika ndevu?"

Mzee Kyule alijinyoosha kitini. Onyesho lilikuwa limepamba moto, lakini hakuona sababu ya kunong'ona.

"Hizo ndevu ni zake," alisema, na safu nzima ikageuka. "Na huyo si mama. Huyo ameoa kwangu."