Soksi za Siku ya Posa

Nacheka sasa, lakini siku yenyewe ningepata shimo ningejifukia mwenyewe, na watu wa Buzebazeba walioshuhudia bado wapo, wakiniona nimevaa soksi wananiuliza leo naficha nini, kwa hiyo bora niwasimulie mimi kabla wao hawajawasimulia na kutia chumvi.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wanavuka ziwa kila siku, Kigoma nzima imejaa watu wa Kongo na Burundi, na mimi, Rajabu, kijana wa Rusimbi, nilikuwa kibarua wa msimu kwenye shamba la mizabibu la mapadri, kule mlimani juu ya ziwa. (Ndiyo, Mwislamu kwa mapadri, mama nilimwambia nachuma matunda, na huo si uongo.) Kazi yenyewe niliipenda. Tunaanza alfajiri kabla jua halijapasha vichala, mkasi mkononi, kikapu chini ya waya, na ukiinua kichwa unaliona ziwa limetulia, ila milima ya Kongo ng'ambo huioni, kiangazi humezwa na vumbi na moshi usijue kama ipo. Wenzangu wengi walikuwa akina mama waliokimbia kutoka hukohuko, na mara nyingine mmoja wao alisimama na kichala mkononi akitazama ng'ambo, nasi tukamwacha mpaka arudi mwenyewe kazini.

Salima nilimpata humohumo kwenye mistari ya mizabibu. Baba yake, Mzee Ramazani, alikuwa fundi cherehani wa Uvira, sasa amepanga chumba kimoja Buzebazeba, na likaja tangazo kwamba wakimbizi wote wa mjini wapelekwe kambini Kasulu, lori linakuja kesho asubuhi. Binti aliyeolewa na mwenyeji angebaki kwa mumewe. Baba mdogo Athumani, mshenga wangu, alikuwa amekwisha maliza mazungumzo yote, shehe kaambiwa, mahari ipo, limebaki sharti moja tu la Mzee, kwamba aniangalie kwa macho yake mwenyewe alasiri, na nikimpendeza nikah ifungwe magharibi hiyohiyo.

Basi siku hiyo, badala ya kukaa nyumbani nikaoga kama bwana harusi, nikaenda shambani nusu siku. Mashine ya kukamulia ikaharibika, gari lililopaswa kwenda kuleta fundi limechukuliwa bandarini kubeba wagonjwa waliotoka ziwani, na zabibu nyeusi zimejaa karo la saruji na joto lile, zikilala zinachacha. Bruda Anselmi, Mha wa Kasulu aliyesimamia shamba, akavua viatu akaanza kukanyaga mwenyewe, kisha akaniona nachungulia.

"Rajabu, ingia na wewe. Ni maji ya matunda tu haya, bado hayajawa kitu."

Ningesema hapana, mkasa wangu ungeishia hapo. Lakini Bruda alikuwa mtu mzima anahema, na akina mama wameanza kuimba na kupiga makofi, nami nyimbo zikinikolea sina akili (nyumbani wanajua), nikakunja suruali nikaingia. Nilipotoka, miguu ilikuwa zambarau mpaka karibu na magoti. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu, na kila nikisugua ndivyo ilivyozidi kutakata katika uzambarau wake.

Nikamwomba Baba mdogo soksi zake nyeusi, zile ndefu za kazini. Hakuuliza, na mimi sikusema.

Kwa Mzee tulipokewa vizuri mno. Viatu nikaviacha mlangoni, nikaketi mkekani na soksi zangu katika joto lile, nikajibu maswali kwa adabu, na nikamwona Mzee anatabasamu. Katikati ya mazungumzo nikaomba kwenda chooni, na yeye mwenyewe, kwa heshima ya mgeni, akanijazia kopo la maji akanipa. Naketi tena, adhana ya alasiri hiyo, wote tukatoka kwenda msikitini.

Pale bombani wanaume wamejipanga wanatawadha. Nikasimama pembeni.

"Njoo, kijana," Mzee akasema.

"Nina udhu, Mzee."

Akanitazama, wala hakupandisha sauti. "Udhu gani? Si ulitoka chooni sasa hivi? Kopo nilikupa mimi."

Hapo bomba zima limegeuka kunitazama. Nikainama nikavua soksi, moja, ya pili, na jasho lilikuwa limeifufua ile rangi ikang'aa. Mtu mmoja akauliza kama naumwa, mwingine, jirani yake Mzee, akasema, "Hizo ni zabibu za mapadri, huyu anawakanyagia mvinyo," na Baba mdogo akawa anasoma ukuta. Nilitaka kueleza habari za mashine na Bruda, lakini nikabaki kutazama vidole vyangu.

Mzee alitawadha mpaka akamaliza. Kisha akasema taratibu, "Zabibu haina shida, mwanangu. Lakini mutu anayenificha miguu leo, kesho atamuficha Salima nini?"

Nikah haikufungwa. Asubuhi lori likaja, na Salima akapanda na godoro na cherehani ya baba yake, akaniangalia mara moja tu.

Nilimfuata Kasulu na Baba mdogo, nimevaa ndala, na safari hii nilieleza yote kabla sijaketi. Mzee alinisikiliza, akanipa mkono wa kukubali, lakini mpaka vibali vya kutoka kambini vipatikane na turudi Rusimbi mume na mke, Salima alikuwa amelala kwenye turubai masika nzima, maji yakipita chini ya mkeka.

Tulipokwisha zoeana nilimuuliza, hivi ile siku ningesema ukweli mlangoni, ingekuwaje? Akaacha kuchambua dagaa.

"Baba angecheka. Jirani yetu Uvira alikuwa anapika pombe, na walikuwa wanakula sahani moja. Ungesema tu, Rajabu. Ningelala ndani ya nyumba."

Tangu siku hiyo nikivunja hata kikombe, namwita aje aone kabla sijaokota vipande.