Kothai na Mlango wa Simba

Katika mji wetu wa Kumbakonam mahekalu ni mengi kuliko vilabu vya kahawa, na wanajimu ni wengi kuliko mahekalu. Hata hivyo ukishuka stesheni ukauliza, "Mnajimu anakaa wapi?" hakuna atakayekuuliza yupi. Utaelekezwa nyuma ya bwawa kubwa, kwenye baraza yenye nguzo za mti zilizong'arishwa na migongo ya watu, kwa Kothai binti Muthuvelar. Mwanamke, ndiyo. Funga mdomo, nzi wataingia.

Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume. Macho ya mzee yalipoanza kufifia, binti ndiye aliyemsomea kalenda ya nyota kwa sauti huku mkono mmoja ukisaga mchele wa vimkate vya idli. Mzee alihesabu kwa vidole. Binti alikuwa keshamaliza hesabu kabla baba hajavuka kidole cha shahada, na hakuwa na adabu ya kunyamaza. "Zohali yuko Nge, baba. Endelea tu, utamkuta." Mzee alinung'unika mchana kutwa, na jioni akaenda kujisifu kwa majirani kwamba nyumba yake imezaa kichwa.

Mzee alipofariki, Kothai alikalia mkeka wa baba yake siku matanga yalipokwisha. Mtaa ukacheka. Muuza mafuta mmoja alisimama mbele ya baraza akapaza sauti: "Mwanamke asome nyota? Asome kwanza chumvi kwenye mchuzi!"

"Chumvi ya mchuzi wako naiona nikiwa hapa hapa," Kothai akamjibu. "Imezidi. Mkeo ana neno nawe, nenda ukaombe radhi."

Muuza mafuta akaenda zake, na wasemao husema alimkuta mke amefunga mizigo. Tangu hapo watu wakaanza kuja, kwanza kwa kujificha, halafu kwa foleni.

Kazi yenyewe, kwa wewe unayejua nyota za gazetini tu, haina mizimu. Chora mraba. Pembezoni zungushia vyumba kumi na viwili, katikati acha ua. Kila chumba ni cha buruji yake, na kwetu sisi wa kusini buruji hazihami: Kondoo yuko juu, Simba kulia, Mizani chini, leo na kesho na milele. Kisha unapanga wageni, yaani jua, mwezi, Mirihi, Zuhura na wenzao, kila mmoja mahali alipokuwa mtoto alipotoa kilio cha kwanza. Ila nyumba bila mlango ni kaburi. Mlango ni ile buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki wakati ule ule. Chumba chake hutiwa mstari wa mshazari, na kuanzia hapo ndipo unahesabu: cha kwanza mwili, cha pili mali, cha saba ndoa, na kadhalika. Ukikosea mlango umeingia nyumba ya jirani, na utakayoyakuta huko ni ya jirani.

Sasa asubuhi moja, foleni imefika hadi kwa muuza maua ya asumini, akaja Sellamma, mjane wa mfua shaba, macho mekundu kama pilipili. Nyuma yake binti yake, Malar, mwalimu wa shule ya msingi, mkavu wa macho lakini pua ikimcheza kwa hasira.

"Watu wa mchumba wamerudisha jibu," Sellamma akasema. "Hawamtaki. Eti Mirihi yumo chumba cha saba. Atamwua mume."

"Shangazi," Malar akadakia, "bado sijampikia hata kahawa, na tayari nimeshamwua!"

Foleni ikacheka, Kothai hakucheka. Kwetu msichana akishasemwa kuwa ana Mirihi ndoani, habari hukimbia kuliko pikipiki. Mchumba huyu ataondoka, wa pili hatafika mlangoni. Na lilikuwepo la zaidi. Chati ya Malar ndiyo ya kwanza Kothai kuichora kwa mkono wake mwenyewe, wiki ile ile ya mkeka, wakati mtaa mzima unasubiri ateleze. Chati ile ikianguka, Kothai naye anaanguka nayo, na muuza mafuta yu hai bado.

"Nani kasoma?"

Sellamma akatazama chini. "Sabapati."

Aa! Sabapati, mtoto wa mjomba wake Kothai. Wamekuwa wakitaniana tangu hawajaota meno, kama ilivyo haki ya mabinamu. Sabapati alikwenda Kashi, kaskazini, akasomea nyota huko miaka mingi, akarudi na kitambi, shali ya hariri, na kikohozi cha kisomi ambacho hukitoa kabla ya kila sentensi.

"Foleni ingojee," Kothai akasema. "Mwenye haraka aende kwa Sabapati. Mimi mwenyewe ndiko niendako."

Walimkuta barazani kwake, ameketi na Bi Alamelu, mama wa yule mchumba, mwanamke mnene mwenye kicheko chepesi na jicho lisilocheka. Mbele yao zilitandazwa chati za wasichana wengine, kama samaki sokoni.

"Oo, binamu!" Sabapati akakohoa. "Umekuja kujifunza?"

"Nimekuja kukuuliza ulipopotelea. Bi Alamelu, shikamoo, usiinuke. Huyu binti uliyemkataa mimi ndiye niliyemchora, na Mirihi wake yumo chumba cha tatu. Cha tatu! Chumba cha ujasiri na cha ndugu. Akikaa hapo hata miungu humpigia makofi."

"Cha saba," Sabapati akasema.

"Cha tatu. Mlango wake ni Simba. Simba moja, Mashuke mbili, Mizani tatu, na Mirihi huyo hapo ameketi. Au Kashi huhesabu kwa vidole vya miguu?"

Bi Alamelu akatoa simu, akaifungua. Alikuwa amepiga picha ya ule mraba tu, maneno ya chini hakuyahangaikia. Picha hiyo ndiyo aliyompa Sabapati. Sabapati akaipokea, akaitazama, kisha akaanza kutabasamu polepole, na tabasamu lile Kothai hakulipenda.

"Binamu. Nionyeshe mstari."

"Mstari gani?"

"Wa mlango. Nionyeshe. Ni wewe uliyechora."

Kothai akalinyakua karatasi lenyewe mkononi mwa Sellamma. Karatasi limekuwa rangi ya chai, kingo zimepakwa manjano kwa baraka. Jua yumo, mwezi yumo, Mirihi yumo. Chumba cha Simba hakina mstari. Hakuna chumba chenye mstari. Chini ameandika jina la mtoto, la baba na la nyota yake, kwa mwandiko wa madaha wa mtu anayejua kwamba anatazamwa. Na kwa kujitazama akasahau mlango. Miaka yote hii hakuna aliyegundua, kwa sababu kila aliyeuliza mtaani, Kothai mwenyewe alimjibu kwa mdomo.

"Nikaona hakuna mlango," Sabapati akamweleza Bi Alamelu kwa upole wa daktari, "nikaanzia kwa Kondoo, ambaye ndiye wa kwanza wa buruji zote. Kondoo hadi Mizani, saba."

"Ungeniuliza!" Kothai akasema.

"Nikuulize wewe?"

Alilisema kama mtu aliyeambiwa ale kandambili. Bi Alamelu akaifunga simu. "Dada yangu, mimi nina mtoto mmoja tu wa kiume. Wewe wasema Simba, yeye asema Kondoo, karatasi halisemi kitu. Nani ananithibitishia?"

"Alizaliwa jua linachomoza," Sellamma akasema haraka. "Nakumbuka."

"Mama mzazi hatoi ushahidi," Sabapati akasema, akakohoa. "Mama wote huzaa jua linachomoza."

Malar akaanza kuvaa viatu vyake. Hapo ndipo Kothai alipomtazama binamu yake, kitambi, shali, kikohozi na vyote, akamwona kama alivyokuwa akimwona utotoni alipotaka kumnyang'anya embe: mtu asiyeweza kukataa sifa.

"Haya, umenishinda," akasema, na sauti yake ikawa laini kama samli. "Kashi ni Kashi. Bi Alamelu, huyu binamu yangu bahati yake haikuanza huko. Ilianza siku aliyoondoka hapa. Mwambie, Sabapati. Mimi naisimulia vibaya."

Sabapati akajiweka sawa. Naam, mwamba ngoma huvutia kwake. "Ah, ile! Ilikuwa mwezi wa Aavani, mama. Mwanajimu hasafiri ovyo. Nilichagua saa yangu: jua linatoka. Nimebeba sanduku kichwani, napita mtaa wa wafua shaba, mnara wa hekalu ndiyo kwanza unapigwa na mwanga kileleni. Ghafla mlango unafunguliwa, mfua shaba anatoka mbio, kifua wazi, anacheka kama mwehu. Hata hakunijua! Akanitia sukari kinywani kwa mkono wake! Nikajiambia, Sabapati, mtu anayelishwa sukari jua likichomoza, safari yake—"

"Alikuwa na nini, yule mfua shaba?" Kothai akauliza.

"Alikuwa amepata mtoto. Ndani kanalia saa hiyo hiyo, nilikasikia kwa masikio yangu mawili! Mtoto wa..."

Akaishia hapo. Kikohozi kilikuja, lakini safari hii kilikuwa cha kweli.

"Mtaa ule hakujifungua mwingine ila mimi mwezi ule," Sellamma akasema taratibu. "Na marehemu mume wangu aliwalisha sukari wapita njia wote. Mbuzi pia."

"Sasa, msomi," Kothai akasema, "mtoto akizaliwa jua linachomoza, jua lake huwa chumba cha ngapi?"

Sabapati akaona pa kukimbilia hapana. "Cha kwanza," akasema. "Jua likiwa upeoni, limekaa mlangoni penyewe."

"Na jua la mwezi wa Aavani hukaa wapi?"

"Simba."

"Kwa sauti. Bi Alamelu yuko upande huu."

"Simba, Kothai, Simba! Na Mirihi chumba cha tatu, haya, umefurahi?"

Bi Alamelu alianza kucheka kwa tumbo, na mara hii jicho nalo likacheka. "Kwa hiyo huyu msichana ndiye sukari yako, bwana? Umekula kheri yake miaka ishirini na sita, na shukrani yako ni kumwita mwuaji?"

Kothai hakungoja. Alichomoa kalamu ya wino mfukoni mwa Sabapati, akalitandaza karatasi juu ya chati za wasichana wengine, na akapiga mstari katika chumba cha Simba, mnene, kona kwa kona.

"Umechelewa miaka ishirini na sita," Sabapati akasema.

"Kuzaliwa kwake nimechelewa. Harusi yake nimewahi."

Bi Alamelu akaagiza sinia la tambuu, kahawa na sukari guru. Hapo ugomvi ukaanza upya, kwa sababu wote wawili walikuwa wamefungua kalenda ya nyota kabla sinia halijatua. Sabapati akataka siku ya mwezi huu huu, na Kothai akasema siku hiyo haifai hata kunyoa ndevu. Sabapati akasema wa kaskazini hawatambui kasoro hiyo. Kothai akamkumbusha kwamba yuko kusini, amekalia kiti cha kusini, anakunywa kahawa ya kusini.

"Mwezi wa Thai," Malar akasema.

Wakamgeukia.

"Baada ya sikukuu ya mavuno. Likizo ya shule itakuwa haijaisha, na mchele mpya utakuwa umeingia. Mwezi nachagua mimi. Ninyi wazee wangu mtanitafutia siku na saa ndani yake, na mkishindwa kukubaliana nitapiga kura darasani kwangu."

Bi Alamelu alimtazama mkwewe mtarajiwa kutoka kichwani mpaka kwenye vile viatu alivyovaa nusu. "Mwanangu kaisha," akasema, na akamsogezea sahani ya sukari guru.

"Hajaisha, mama," Kothai akasema. Aliketi juu ya mkeka wa binamu yake, mgongo umenyooka, kipini cha pua kinawaka, akinywa kahawa ya Sabapati kwa sauti ili mtaa usikie. "Ndiyo kwanza anapata mtu wa kumtetea. Sabapati! Kahawa hii imekosa sukari."