Herufi Ambayo Si Bouchta Hakuihesabu

Si Bouchta Laaroussi, na Si kwetu ni kama Bwana, hakuamini bahati. Ndiyo maana alikuwa wa hatari kuliko wacheza kamari wengine wote wa mtaa wetu wa Hay Mohammadi hapa Casablanca. Anayeamini bahati hufika siku akaichoka. Anayeamini hesabu huiona kila hasara kuwa kosa dogo tu, la kurekebishwa kesho.

Alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha sukari mpaka alipostaafu, na mkahawani walimwita Mwalimu. Kila asubuhi alifungua gazeti la mbio za farasi za Ufaransa, zile zinazoonyeshwa kwenye televisheni za mikahawa yetu mchana, akapiga wastani: dereva huyu hushinda mara ngapi katika mia, farasi huyu hufanyaje akikimbia bila viatu vya chuma, amepumzika muda gani tangu mbio za mwisho. Zaidi ya yote alisoma kile ambacho wacheza kamari wote wa mji huu, kwa kuiga Wafaransa, hukiita muziki. Ni mstari mfupi wa tarakimu na herufi ulio mbele ya jina la farasi. Tarakimu inasema alimaliza wa ngapi. Sifuri ni kwamba alibaki nyuma kabisa. D ni kwamba alitolewa mbioni, kwa sababu katika mbio hizo farasi hukokota kigari chenye dereva na lazima aende telki, mwendo wa haraka usio wa kuruka, na akifyatuka kwenda shoti amekwisha.

"Mwalimu, huyu namba saba ana D mbili," Maati, fundi wa kupaka rangi, alimwambia siku moja. "Huyu ni punda wa kubeba mnanaa."

"Zifute hizo D."

"Nizifute vipi, zimeandikwa?"

"Funika kwa kidole. Sasa soma. Wa pili, wa kwanza, wa tatu. Huyo ni farasi, bwana. D haikuambii ana nguvu kiasi gani, inakuambia siku ile alikosea hatua. Mjinga huihesabu, ndiyo maana mjinga hulipwa kidogo hata akishinda."

"Basi na mimi mke wangu akiniuliza mshahara nimwambie weka kidole juu yake."

Watu walicheka, Si Bouchta naye akacheka. Kamari ni haramu, nami sina haja ya kuzungusha maneno. Lakini ninayoyasimulia hapa si habari ya mali iliyopotea.

Mkewe, Lalla Zhor, alikuwa msokota vifungo vya majoho, vile vidogo vya hariri vinavyofuatana kuanzia shingoni hadi miguuni. Mwaka ule alianza kupungukiwa pumzi. Akipanda ngazi za jengo letu alisimama kila ghorofa, akisingizia kwamba anasubiri jirani wa kusalimiana naye. Kisha, katika mwezi wa Shaabani, alianguka hamamuni, kwenye bafu la mvuke la mtaa. Msuguaji alimvuta kwa kwapa mpaka chumba cha nje, wakampa kitunguu anuse, wakammwagia maji baridi, hakuzinduka. Mwanamke mmoja alikuwa ameshaanza kumtamkia shahada sikioni alipofumbua macho na kuuliza ndoo yake iko wapi.

Si Bouchta alipoambiwa alisema, "Ni joto tu. Hamamu si mahali pa kumpimia mtu."

Binti yao Ghizlane, aliyeolewa mji wa Settat, ndiye aliyepiga simu akashikilia kwamba mama aonwe na daktari. Wakaenda kituo cha afya siku ya Alhamisi. Yaliyotokea huko tuliyajua kwa sababu Lalla Zhor alimsimulia mke wangu jioni ile ile, ameketi jikoni kwetu na sinia lake la nyuzi mapajani.

Daktari alikuwa msichana, amechoka, na watu wamejaa mpaka mlangoni. Si Bouchta alianza kusema naye Kifaransa, akitaka ajulikane kuwa si mtu wa kuzungumziwa polepole. Daktari akafuata Kifaransa hicho, kwa kuwa kilimrahisishia kazi. Lalla Zhor hakukijua. Alikaa katikati yao huku presha yake ikipimwa na maswali juu yake yakijibiwa. Mumewe alitoa kila kitu kwa tarakimu: umri, presha za miezi iliyopita, ngazi anazopanda kabla ya kuchoka. Daktari alimsifu. Akaandika dawa na miadi ya baada ya Ramadhani.

Walipotoka kwenye ukumbi, Lalla Zhor aliuliza, "Baba Ghizlane, mwisho pale amekuuliza nini, akanitazama?"

"Kama umewahi kuzimia."

"Ukamwambia ya hamamu?"

"Hiyo haihesabiki, Zhor. Ni D."

"Ni nini?"

"Ni kitu kinachoharibu picha. Mtu akiangalia hali yako yote, uko sawasawa. Ukitia hiyo, unamvuruga."

"Kwani mimi farasi wako? Yeye amesemaje?"

Hapo alimjibu kweli, maana hakuwa mwongo. "Amesema kama ungekuwa umezimia angekuandikia gari la wagonjwa leo hii, upelekwe hospitali kuu wakuangalie moyo."

"Basi turudi tumwambie."

Si Bouchta alitazama saa. Mbio za mchana zilikuwa karibu kuanza. "Foleni umeiona. Tutamwambia siku ya miadi."

Lalla Zhor aliyasimulia haya akimwigiza mumewe, kidole hewani, na alikuwa anacheka. Mke wangu hakucheka. "Dada, kesho asubuhi nenda peke yako. Mimi nitakusindikiza."

"Kesho Ijumaa. Nitie kuskusi motoni kwanza, wapo wageni wa Si Bouchta. Tukishakula tutakwenda."

Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, mke wangu alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Akagonga, akasukuma mlango. Lalla Zhor alikuwa sakafuni kando ya jiko, bado ameshika kitambaa cha kunyanyulia chungu. Hapakuwa na wa kumtamkia shahada alipokata roho. Si Bouchta aliitwa kutoka mkahawani. Wengine huniuliza kama farasi wake alishinda siku ile. Nalijua jibu, wala sitalisema, kwa sababu wanaouliza hawajaelewa habari hii ni ya nini.

Usiku wa tatu baada ya mazishi tulikula chakula cha hitima kwao. Wasomaji wa Kurani walikaa kwenye magodoro upande mmoja, wajomba wa Ghizlane upande wa pili, baba yake katikati. Watu walimwambia maneno yanayosemwa: ameandikiwa, siku yake ilifika. Aliitikia kila neno kwa kichwa.

Ghizlane alitoka jikoni, mikono ina povu. Mke wangu alikuwa ameshamweleza. Hakuona haki ya kumficha.

"Baba, daktari alikuuliza kama mama amewahi kuzimia?"

"Binti yangu, watu wanasoma."

"Alikuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukasema?"

Si Bouchta aliangalia mikono yake. "Nilimpa kila kitu. Presha, dawa, kila kitu. Hilo moja niliona kwamba..."

"Usinipigie hesabu. Ulisema nini?"

"Nilisema hapana."

Ghizlane aliwageukia wajomba zake. Hakupaza sauti. "Mmesikia. Msimwambie tena kwamba imeandikwa. Mungu huandika, lakini mama aliulizwa swali, na mwingine akamjibia."

Wasomaji walikuwa katikati ya sura, na sura haikatwi, wakaendelea. Chai ilipoletwa, mjomba mkubwa aliishika birika mwenyewe, kwa kuwa desturi yetu mwenye heshima ndiye amiminaye, akamimina kuanzia kulia. Alipofika kwa Si Bouchta alimruka, akajaza glasi ya aliyefuata.