Kelele ya Butée

Niwaambie ukweli mapema, bandugu: mu hii hadisi mujinga ni mimi. Musitafute mujinga mwingine, hamutamupata. Mucheke sasa, kisha tuendelee polepole, juu nimechoka kuibeba peke yangu.

Jana nilikuwa ku bac, pale Lubunga, ninangojea kuvuka muto. Jua kali, harufu ya mazutu na samaki ya moshi, batu bote bamenuna. Nyuma yangu camion moja ya zamani ilikuwa inashuka. Chauffeur akakanyaga pédale ya embrayage, ile klachi: kwiiii! Akaachilia: kimya. Akakanyaga tena: kwiiii! Akatoa kichwa inje, akauliza, «Hapa hakuna mutu anajua hii kelele ni ya nini?» Mimi nilijua. Nilijua mbele hajamaliza kuuliza. Nikaangalia muto sawa mutu anahesabu samaki.

Ile kelele ninaijua tangu mutoto.

Papa yangu alikuwa mecano, fundi ya mashini, ku shamba moja ya muzungu, ku barabara ya Ubundu. Shamba ya mupunga na mihogo. Indépendance ilipofika, muzungu alikimbia na muke yake na imbwa yake. Trakteri aliiacha. Funguo aliitundika ku musumari, akamwambia Papa, «Ninarudia juma ijayo.» Tulimungojea ile juma, na ingine, kisha mupunga ikakomaa na mutu hawezi kuambia mupunga ingoje. Papa akachukua funguo.

Ile trakteri, banasema zamani ilikuwa nyekundu. Mimi niliikuta na rangi ya chai. Pièces ya kubadilisha hakuna, magazini imefungwa, donc Papa alikuwa anaitunza na masikio. Alikuwa na kijiti ya mupera, imelainika sababu ya kushikwa kila siku. Anaweka ncha moja ku chuma, ncha ingine ku mufupa ya nyuma ya sikio, anafunga macho sawa mutu anasali. Kisha ananiita, «Ramazani, kuja usikie.» Nilikuwa na miaka nane, ao kenda. Ninaweka sikio, na mu ile kijiti ninasikia mugini muzima: batu banatwanga, bengine banapiga miluzi, muzee mumoja anakohoa.

«Sikia muzuri,» Papa anasema. «Kama kelele iko wakati muguu haiko ku pédale, na ukikanyaga inanyamaza, ile ni boîte, sanduku ya gia. Meno ya ndani imekwisha. Tunalia. Lakini kama kelele inaanza wakati unakanyaga, ile ni butée tu, kile kipete ya chuma inasukuma embrayage. Butée inaliaka sawa mujane mwenye kupata bwana ingine tayari. Inalia, lakini inakula. Unaweza kulima nayo mwezi muzima.» Kisha anapangusa kijiti na kanzu yake ya kazi, anamaliza vile anamalizaka kila siku: «Chuma haisemake uongo. Batu njo banasemaka.»

Mimi ile maneno nilishika yote. Shida yangu ilikuwa kinywa. Nilikuwa ninaiga kila kitu. Kuku, treni ya Ubundu, kikohozi ya mwalimu. Kwa ile kikohozi balinifukuza ku masomo mara tatu. Na trakteri pia, na ugonjwa yake yote. Batu banacheka, na mimi nikisikia batu banacheka, sijui kusimama. Mama alikuwa anasema, «Ramazani, ile kinywa yako itatukula siku moja.»

Bon. Rébellion, ile vita ya baasi, ikakuja. Ilianza mu radio, kisha ikafika na miguu: bajeunes na majani ku kichwa, na mikuki, na bunduki moja moja. Ku shamba ya jirani balikamata camion na chauffeur yake. Camion tuliiona tena, na mutu ingine ku volant, anaiendesha. Chauffeur hatukumuona. Muke yake alikuwa anaendelea kumutilia chakula ku sahani, kila mangaribi, kisha batoto banaikula.

Mu ile juma butée yetu njo ilianza kulia. Kwiiii! Na mimi niliona Papa anacheka kidogo, yeye na Tonton Asumani, ndugu yake mudogo, bamesimama pale pembeni ya trakteri banaongea chini chini. Nikasema mu roho yangu: hawa bazee bamepata wazimu, mashini inagonjwa, bao banafurahi. Hakuna mutu alinielezea. Kinywa yangu ilikuwa soko; nani anaweza kuelezea soko siri?

Balikuja asubuhi moja, batu munane. Commandant yao alikuwa kijana tu, ndevu haijaota, amevaa koti ya mvua mu ile jua yote. Balitaka trakteri ivute nyuma yake remorque yenye kubeba mapipa mpaka Ubundu. Na mutu ya kuiendesha.

«Commandant,» Papa akasema, «trakteri ni mugonjwa. Boîte imekufa.»

Tonton akazungusha manivelle ya kuwasha, mashini ikakohoa, ikawaka. Papa akapanda, akakanyaga pédale. Kwiiii! «Unasikia ile? Ni boîte. Haitafika hata kilometa kumi, meno yote itavunjika, na mapipa yenu itabakia mu pori.»

Commandant akasikiliza. Akapangusa jasho. «Basi,» akasema, na uchovu mingi, sawa mutu mwenye kuambiwa vile ku mashamba tano mbele yetu. Akatupa mugongo. Bandugu, alitupa mugongo! Alikuwa anaenda.

«Lakini Papa,» nikasema, «ile si butée?»

Tonton akanikanyaga muguu.

«Tonton, unanikanyaga!» nikasema, na sauti ya juu. Kisha, juu bajeunes baligeuka na balikuwa banasikiliza, nikatoa masomo yote. Boîte, inafanya hivi: grrrr, ukikanyaga, kimya. Butée, inafanya hivi: kimya, ukikanyaga, kwiiii! Bajeunes bakacheka. Mumoja akapiga makofi: «Petit, rudisha!» Nikarudisha. Nikaongeza na mujane. Commandant pia akacheka mpaka meno yote ikaonekana, na pale niliona ni mutoto sawa kaka yangu.

Kisha akaacha kucheka. «Papa mecano. Mutoto iko na haki?»

Papa aliniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia vile mutu anaangaliaka mvua imeanza kunyesha na mupunga iko inje inakauka.

«Iko na haki,» akasema. «Mimi ninazeeka, commandant, masikio yangu imeharibika. Yeye njo anasikiaka muzuri.»

Na mimi nikafurahi! Nikatoa kifua mbele. Ilinipita miaka mingi mbele ya kuelewa kama ile ilikuwa uongo ya pili ya Papa mu asubuhi moja, na hii ya pili ilikuwa ya kuokoa kichwa yake, ile ya kwanza mimi nilikuwa nimeiharibu. Mutu mwenye kunifundisha chuma haisemake uongo. Sikuwaza hata kidogo kama yeye si chuma.

Bakaenda naye. Nikakimbia nyuma ya remorque, ninapungia mukono, mpaka pale barabara inakata reli. Nikarudia nyumbani ninaimba. Mama alikuwa amekaa chini, moto imezima, na hakupika ile siku.

Kisha nikaelewa kidogo, juu mangaribi Mama alitia sahani ya Papa. Na kesho yake tena. Kinywa yangu ilifungika. Batoto banasema, «Ramazani, fanya kuku,» kuku haitoki. Nikachukua kijiti ya mupera, ninaenda ku reli kila siku, ninaweka ncha moja ku chuma, ncha ingine ku sikio, ninafunga macho. Treni ilikuwa imesimama tangu rébellion. Mu ile reli yote, mpaka Ubundu, hakukuwa hata kikohozi.

Papa alirudia juma ya tatu, na miguu, anafuata reli. Miguu yenyewe ilivimba sawa viazi vikuu. Tonton akamushika, Mama akamukalisha, akamuosha miguu na mayi ya moto, akamupatia lituma, ile ndizi ya kutwanga, na samaki. Mimi nilikuwa nyuma ya mulango. Nilimusikia anaelezea, polepole, anatafuna: butée ilivunjika kabisa mu njia, embrayage ikakataa kukata. Bajeunes bakahamisha mapipa mu camion, bakamwambia, «Bakia, tengeneza, tunarudia.»

«Sawa vile muzungu alisema,» Tonton akasema.

«Sawa muzungu,» Papa akasema, na bakacheka kidogo, ile kicheko ya batu hawana nguvu ya kucheka. Alitundika funguo ku tawi ya muti, akaanza kutembea.

Kisha akaniita. Nikatoka, nimefunga macho, ninangojea kofi. Akanishika sikio, akaivuta, haikuuma.

«Ilikuwa butée,» akasema. «Ulisikia muzuri.»

Akameza.

«Lakini siku ingine, Papa yako akisema mbele ya batu ni boîte, basi ni boîte.»