Kombe Lililolala Upande

Kwa miaka miwili kazi yangu katika karakana ile ya Bladensburg, Marekani, ilikuwa kupiga msasa. Zikiletwa fanicha za kale, wengine walichonga na kuunga, mimi nilikwangua rangi na kulainisha. Nami nilikuwa nimechora nakshi za milango kwa patasi Unguja tangu utotoni, chini ya ami yangu. Kila jioni nilirudi Lanham na vumbi masikioni, nimenuna. Mke wangu alishanizoea. Alinisalimia, halafu akaniacha mpaka nishibe.

Basi fundi wao wa kuchonga akastaafu, macho yamemchoka. Benchi lake la dirishani likabaki tupu, na kila mtu pale alijua ninavyolitamani, maana sikuficha. Wiki ileile akaja bibi mmoja wa Springfield. Alikuwa na kioo kikubwa cha urithi, na taji la fremu yake, lile pambo la juu, lilivunjika na kupotea zamani. Kioo chenyewe kilibaki nyumbani kwake. Alichotuletea ni vipimo na kitabu.

Tajiri wangu, Mmarekani mpole asiyependa maneno mengi, aliniambia nioshe mikono mpaka viwikoni. Kisha akakifungua kile kitabu juu ya shuka jeupe. Kilikuwa kikubwa kama sinia la harusi, jalada la ngozi limechanika mgongoni, kimechapwa Paris zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Kila ukurasa ulikuwa picha ya mapambo ya majumba ya Kifaransa: vichwa vya milango, dari, makombe ya pwani kama ya chaza, majani yaliyojikunja, maji yanayomwagika bila chombo. Mtu alichimba kila mstari kwenye bamba la shaba kwa ncha ya chuma, kisha bamba likapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Pembeni ya picha uliona alama ya ukingo wa bamba, imebonyea. Mistari mingine ilikuwa myembamba kuliko unywele. Mkono wa yule mtu niliuheshimu papo hapo.

"Hili," tajiri akasema, akionyesha taji lenye kombe katikati. "Lichonge kama lilivyo. Ukiliweza, benchi ni lako."

Akanitolea nakala ya ukurasa ule. Nikakaa nayo asubuhi nzima, na kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyozidi kuudhika. Kombe lilikuwa limelala kushoto. Upande mmoja majani matatu, upande wa pili mawili, na moja la hayo mawili limeteremka chini peke yake. Kwa ami yangu kazi kama hiyo ingekuwa kuni. Sisi tulikunja karatasi katikati, tukachora nusu, tukakata, tukaikunjua. Kulia na kushoto zikatoka pacha. Mlango wetu una pande mbili na mfaa, ule ubao wa wima, katikati yake. Ami alikuwa akisimama mbele yake akipima kwa jicho, na ua moja likimzidi mwenzake kwa unene wa kucha, unaanza upya. Nikaamua kwamba Mfaransa yule, pamoja na mkono wake wote, alikuwa mvivu wa kupima. Nikamsaidia. Nikachukua nusu ya kushoto, nikalisimamisha kombe wima, nikakunja karatasi.

Mwenzangu mmoja wa Bukavu, aliyekuwa akipaka vanishi, alikuja akasoma maandishi ya Kifaransa yaliyo chini ya picha, kisha akautazama mchoro wangu.

"Ndugu, angalia muzuri," akasema. "Huyu mutu hakukosea. Alifanya exprès, alipenda vile."

"Alilewa," nikamjibu. "Wewe soma, mimi nachonga."

"Bon," akasema, akarudi kwenye vanishi yake.

Siku kumi nilichonga kwa raha ambayo sikuwahi kuipata Marekani. Usiniulize kama nilijisifu. Nilijisifu mpaka nikajichosha mwenyewe. Kisha mimi na tajiri tukaenda Springfield kulipima taji kabla halijapakwa dhahabu.

Nikapanda ngazi, nikaliweka, nikashuka. Ndipo nilipokiona kile kioo vizuri kwa mara ya kwanza. Fremu nzima ilikuwa ikitembea. Majani yalipanda upande huu, yakamwagika upande ule, hakuna pembe mbili zilizofanana, na yote yalielekea juu, mahali ambapo kombe lingelala kuyapokea. Taji langu lilikuwa limesimama wima pale juu kama askari aliyeingia kwenye ngoma ya harusi. Yule bibi alilitazama kwa muda, akasema kwa adabu kwamba ni kazi nzuri, lakini si ya kioo chake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tuliporudi karakanani tajiri alichukua gogo jingine, akaliweka mbele yangu. "Ijumaa ijayo," akasema.

Siku mbili sikugusa patasi. Nilikaa mbele ya kitabu, mikono nimeikunja, na polepole nikaanza kuelewa. Lile jani pweke lilishuka mbali kwa sababu kombe zito lilikuwa upande wa pili, kama vile mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja anavyounyoosha mkono mwingine. Hakuna kilichoachwa kwa uvivu. Yule mtu alipima kila kitu kwa jicho ambalo mimi sikuwa nalo, nami nikamwita mlevi. Niliona haya, na nilimwambia hivyo yule wa Bukavu.

"Sasa funga mudomo, chonga," akasema.

Taji la pili lilikaa. Bibi alipanda ngazi mwenyewe akaligusa kombe, na Jumatatu nikahamia dirishani.

Nilipiga picha mataji yote mawili, nikampa mtu aliyekuwa akisafiri kwenda Unguja ampelekee ami. Nyuma sikuandika kitu. Nilitaka achague mwenyewe, na nilikuwa na hakika angechagua la pili. Baada ya mwezi nikanunua kadi ya simu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Picha zimefika, nimewaonyesha watu mpaka msikitini!" Sauti yake ilijaa furaha. "Ile iliyokaa sawa, kulia na kushoto pacha, nimewaambia, mkono huu naujua, nimeufundisha mimi."

Nikangoja.

"Na ile nyingine, nani kaiharibu?"

Nilikuwa nimesimama jikoni, mke wangu ananitazama. Hiyo aliyoiuliza ndiyo iliyonipa benchi, na niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuchonga.

"Fundi mmoja wa huku," nikasema.

"Maskini. Msimcheke, mwanangu. Mfundishe taratibu."

"Inshallah, ami," nikasema. "Nitamfundisha."