Dorkasi na Risasi ya Kati

Siku Dorkasi alipochaguliwa kuwa mweka hazina wa chama cha ushirika cha wakulima wa mboga pale Lukozi, watu walipiga makofi, kisha makofi yakakatika ghafla. Kila mmoja alikuwa amekumbuka yaliyompata aliyemtangulia.

Aliyemtangulia ni Mzee Abrahamu. Kazi yake ilikuwa kuteremka Lushoto benki, kuchukua malipo ya kabichi na viazi vya wanachama, na kupanda nayo hadi Lukozi kwa Land Rover ya chama. Njiani kuna msitu wa Magamba, na ndani ya msitu kuna kona ambazo jua haliziamkii mpaka adhuhuri. Kwenye mojawapo ya kona hizo majambazi walimsubiri. Walimkata mkono kwa panga, wakachukua mfuko, wakaingia porini. Mzee alipona, ila vidole vya mkono wa kuume havikufumba tena.

Basi halmashauri ya chama ikakaa na kuamua kwamba mweka hazina mpya apewe bastola. Si bunduki ya kuning'iniza begani ikaonekana na kila mtu, bali bastola ndogo ya kuficha mwilini. Mwenyekiti, Shabani, aliyekuwa hodari wa kufuatilia mambo ofisini, alihangaika na polisi wilayani hadi kibali kikatoka. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya midomoni mwa watu, kila mtu alikuwa ndugu, na mali ya chama ilikuwa kitu cha kulindwa.

Dorkasi hakuwa mtu wa silaha. Alisoma kwa masista wa Kilutheri hadi darasa la nane, akafundisha shule ya Jumapili, akaolewa na Rubeni, seremala mpole aliyeongea na mbao zaidi kuliko na watu. Alipompelekea mumewe habari hiyo, Rubeni aliendelea kupiga randa kwa muda.

"Sitakwambia chukua, wala sitakwambia acha," alisema mwishoni. "Ila usije ukaniomba niishike."

Kabla ya kwenda kuinunua, Dorkasi alipita kwa Mzee Abrahamu. Alimkuta ameketi kwenye kiti mbele ya nyumba yake, amejifunika blanketi kwa ajili ya baridi, kikombe cha chai amekibana kwa viganja viwili.

"Shikamoo, tate," alisema Dorkasi. Alimwita kwa Kishambaa kama mtu anavyomwita baba yake.

"Marahaba, mwanangu. Wamekutwika, eeh?"

"Wamenitwika. Na wanataka niende Tanga nikachague bastola. Nimekuja kuuliza. Siku ile, kama ungekuwa nayo?"

Mzee alikunywa chai. Akakiweka kikombe chini taratibu.

"Nimeliwaza hilo kuliko unavyodhani. Walikuwa watatu. Aliyenikata alikuwa upande, sikumwona. Mbele yangu alisimama mwingine, karibu kama wewe hapo. Ningekuwa na bastola ningempiga huyo. Sasa sikiliza. Wakati nimelala chini, yule wa upande alitaka kunimalizia. Aliyemzuia ni huyo huyo wa mbele. Alisema, 'Mwache, tumeshapata.'"

"Kwa hiyo nisichukue?"

"Sijasema hivyo. Mkono wangu huu ungeniuliza kwa nini nakushauri hivyo." Aliutazama mkono wenyewe kana kwamba ni wa mgeni. "Chukua. Lakini chukua ile utakayoweza kuitawala. Nilikuwa askari wakati wa vita ya Mzungu. Nimewaona watu wakitawaliwa na bunduki zao."

Wiki ile ile Dorkasi na Shabani waliteremka Tanga. Kwa mtu wa Lukozi, joto la Tanga ni kama kuingia jikoni kwa mtu mwingine. Duka lilikuwa la Mhindi mzee mwenye miwani minene, aliyeuza nyavu, majembe, risasi za kuwindia nguruwe, na nyuma kabisa, kwenye kabati lenye kufuli, bastola. Alisoma kibali mara mbili, akawatazama wote wawili.

"Nani atabeba?"

"Mimi," alisema Dorkasi.

Mzee alitandika kitambaa cheusi juu ya meza na kuweka bastola tatu, ya kwanza ndogo ya kuenea kiganjani, ya pili kubwa kidogo, ya tatu nzito, mtutu wake mnene.

"Hii ndogo, risasi yake tunaita ishirini na tano. Hii ya kati thelathini na mbili. Hii thelathini na nane. Hesabu hiyo ni upana wa risasi."

Shabani alinyoosha kidole haraka. "Ndugu Dorkasi, chukua hiyo ndogo. Hiyo ni ya kike. Inaingia hata kwenye pochi." Kisha akasita, akaitazama ile nzito. "Ingawa kwa usalama wa chama labda kubwa ndiyo ingefaa. Jambazi akipigwa na hiyo haamki." Akacheka kidogo. "Wewe chagua tu, kama unavyochagua kiatu."

Dorkasi hakucheka. Kiatu, aliwaza, unachagua kwa kupima mguu wako mwenyewe. Hiki ninachagua kwa kupima mwili wa mtu mwingine, mtu ambaye simjui, pengine saa hii yuko shambani kwake anapalilia. Naulizwa nimtoboe tundu la upana gani.

"Mzee wangu," alimwambia mwenye duka, "hizi zina tofauti gani kwa anayepigwa? Niambie kweli."

Yule mzee alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Ilikuwa wazi kwamba wanunuzi wengi hawakumuuliza swali hilo kwa namna ile.

"Mama, zote zinaua. Mtu asikudanganye kwamba ndogo ni ya kutisha tu. Ndogo inaua vilevile, ila pengine polepole. Anayekuja na panga anaweza kupigwa na asijue, akafika, akakukata, kisha akaenda kufa kesho. Hapo mmepotea wote wawili. Kubwa inamsimamisha, lakini ina teke. Mtu asiyeizoea huanza kuiogopa kabla hajafyatua, na anayeiogopa bunduki yake hapigi anapotazama. Sasa tuache maneno. Twende uani."

Uani palikuwa na ukuta wa magunia ya mchanga, na ubao uliochorwa duara kwa chaki. Mzee alimwonyesha namna ya kusimama, ya kutazama, ya kutoa pumzi. Ile ndogo ilimshinda kwa namna ambayo hakuitegemea. Mpini ulikuwa mfupi, vidole viwili tu viliupata, na viganja vyake vilikuwa viganja vya kulima. Chuma cha juu kilirudi nyuma na kumchuna ngozi ya kidole gumba. Risasi ilikwenda ilikotaka yenyewe.

Ile nzito ilinguruma mpaka Shabani akaruka. Risasi ya kwanza Dorkasi aliipeleka karibu na duara. Ya pili ilikwenda gunia la pembeni, na ya tatu pia.

"Umejiona?" aliuliza mzee.

"Nimefumba macho."

"Umefumba macho. Na utafumba tena."

Ya kati ilipiga teke, lakini teke la mbuzi, si la punda. Mpini ulijaa mkononi. Alipiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara aliona ubao ukichimbika, kwa sababu macho yake yalikuwa wazi. Hakupiga katikati. Alipiga karibu na katikati, na alijua kila risasi imekwenda wapi.

"Nimepata," alisema.

"Ya kati?" Shabani hakuridhika. "Si ya kike wala si ya kiume."

"Ni ya kuona ninachokifanya, Ndugu Mwenyekiti."

Mzee aliifunga kwenye karatasi, na wakati wa kuagana alimwonya kwamba asiiweke kwenye mkoba. "Mkoba ndicho kitu cha kwanza wanachonyang'anya."

Nyumbani Dorkasi alishona mfuko wa khaki, akaufunga kiunoni upande wa kushoto, chini ya sweta na khanga. Kwa nje hakuna aliyeona kitu. Lakini kitu kikifichwa kwa nje hakijafichika kwa mwenye nacho. Alipopiga goti kuamkia wazee, chuma kilimchoma mbavuni. Marafiki zake walipotaka kumkumbatia baada ya ibada, aligeuka ubavu bila kujijua, hata wakaanza kunong'ona kwamba cheo kimemlevya. Mama mmoja alimpa mtoto amshikie sokoni, naye akajikuta anarudi nyuma hatua moja. Aliumia sana siku hiyo, maana hakuweza kumweleza kwa nini.

Yaliyotarajiwa yalikuja asubuhi moja ya ukungu, katika msimu wa baridi. Dereva, kijana mmoja aliyeitwa Hassani, alikata kona ndani ya Magamba na kukanyaga breki kwa nguvu. Gogo lilikuwa limelala katikati ya barabara. Kabla gari halijatulia, watu watatu walitoka kwenye miti ya miwati wakiwa na mapanga. Mmoja alipiga boneti kwa ubapa wa panga lake.

Baadaye Dorkasi hakukumbuka kufungua mlango. Alikumbuka tu kwamba alikuwa amesimama nje, matope yameingia kwenye viatu, na bastola imekwishatoka.

"Rudini nyuma!" alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akaielekeza bastola kwenye kingo ya udongo kando ya barabara na kufyatua.

Mlio uligonga miti ukarudi. Wawili walitimka bila kutazama nyuma. Wa tatu aliteleza kwenye tope la kingo, akaanguka chali, panga likamtoka. Alipojaribu kuinuka, bastola ilikuwa inamtazama kifuani, hatua chache tu.

"Mama, piga!" Hassani alipaza sauti kutoka garini. "Piga, mama, piga!"

Macho ya Dorkasi yalikuwa wazi. Aliona sweta lililochakaa viwiko. Aliona mtu mzima wa rika la Rubeni, ndevu zina umande. Akaona viganja viwili vimefunguliwa, vyote vitupu, vimejaa tope. Walitazamana. Kisha yule mtu akajiburuta kinyumenyume taratibu, akaingia kwenye miwati, na matawi yakatulia.

Dorkasi na Hassani walilisukuma gogo kwa mabega, wakafika Lukozi na mfuko mzima. Wanachama walishangilia. Halmashauri ilipokaa, Shabani hakushangilia sana.

"Umemwachia," alisema. "Ulikuwa naye mkononi. Tumenunua bastola ya nini?"

"Ya kufikisha mfuko. Umefika."

"Ungekuwa na ile kubwa, leo tungekuwa na mhalifu mmoja pungufu."

"Ningekuwa na ile kubwa ningekuwa nimefumba macho," alisema Dorkasi. "Hata mikono yake nisingeiona."

Wengine waliguna kwa kukubali, wengine kwa kukataa. Mambo yangeishia hapo, na Dorkasi angeweza kujisifu kimoyomoyo maisha yake yote. Lakini baada ya mavuno ya maharage, mfanyabiashara mmoja wa viazi aliyeitwa Saidi, mtu wa Malindi ya huku huku Lushoto, alivamiwa akirudi kutoka Mombo. Alikatwa mapanga, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Waliofanya hivyo hawakupatikana.

Dorkasi alikwenda mazishini. Alikaa na wanawake kwenye mkeka, akamtazama mjane, mwanamke mwembamba aliyeitwa Mwanaidi, akiitikia pole za watu bila kuinua uso. Alitaka kumwambia jambo, lakini jambo lenyewe lilikuwa nini? Huenda walikuwa ni wale wale. Huenda hawakuwa. Huenda yule wa sweta lililochakaa ndiye aliyekata. Au ndiye aliyejaribu kuzuia. Huenda hakuonekana tena barabarani tangu siku ile. Hakuna aliyeweza kumjibu, na hakumwambia Mwanaidi kitu.

Jioni alimweleza Rubeni. Mumewe alikuwa anatengeneza kitanda cha mtu.

"Nimefanya vibaya?" aliuliza.

Rubeni alipitisha kiganja juu ya ubao akitafuta mahali palipokwaruza. "Ulifanya kwa kile ulichokiona," alisema. "Ambacho hukukiona, hata mimi siwezi kukubebea." Halafu, kwa mara ya kwanza tangu bastola iingie nyumbani, aliifungua mwenyewe kufuli ya kisanduku ilimolala, akamsogezea meza na kitambaa cha kuifutia. Hakuigusa bastola. Aliketi tu karibu hadi mkewe alipomaliza kuisafisha.

Dorkasi aliibeba miaka mingine kadhaa, akaipanda na kuiteremsha Magamba, asiifyatue tena. Mwaka sabini na sita Serikali ilivunja vyama vya ushirika, na mali zake zikaanza kugawanywa huku na huku. Land Rover ilikwenda, mizani ikaenda, na Dorkasi akateremka Lushoto kuirudisha bastola polisi. Sajini aliyempokea aliitwa Issa, mtu wa makamo aliyemfahamu kwa sababu ya kibali.

Sajini aliikagua, akatoa risasi, akaandika. Kisha akainua kichwa.

"Mama, umeishi nayo muda mrefu. Ukitaka, unaweza kuomba kibali kwa jina lako mwenyewe. Watu wengi wangetaka. Barabara bado ni ile ile."

Dorkasi alifungua mdomo kusema hapana, na neno halikutoka. Alishangaa. Nje, ukungu ulikuwa unashuka kwenye mikaratusi, na basi la Lukozi lilikuwa linapiga honi kuita abiria. Alisimama pale mbele ya meza kwa muda mrefu kuliko alivyodhani angeweza kusimama, sajini akimngoja bila haraka.

"Hapana, Ndugu Sajini," alisema hatimaye. "Mtu mwingine achague yake."

Akashukuru, akatoka, akalikimbilia basi.